Paka wa Ghala: Anunuliwe Nairobi au Achukuliwe Sokoni?

Toleo hili tulikusudia kuandika juu ya daftari la mikopo. Lakini tulipopita Griftu tulikuta jambo lililotukalisha chini ya mti karibu siku nzima, nalo ni paka. Msicheke. Kikundi kilichotuita kilikuwa karibu kugawanyika kwa sababu ya paka, na pesa zilizokuwa zinabishaniwa ni zenu wenyewe, zile za kuchangachanga.

Habari yenyewe ni hii. Akina mama hawa wana ghala la mabati. Hununua mahindi, unga na sukari bei ikiwa nafuu, halafu huwauzia wanachama wakati wa kiangazi bei inapopanda. Mwaka jana panya waliingia. Magunia ya chini yalitobolewa yote, mahindi yakamwagika na kuchanganyika na mavi na mkojo wa panya, na chakula cha namna hiyo hata mbuzi hupaswi kumpa. Sisi tulipoulizwa wakati huo tulijibu kwa haraka, "Tafuteni dawa ya panya," tukapanda gari tukaenda zetu. Kosa hilo ni letu na tunalikubali hapa mbele yenu.

Walinunua sumu ya vipakiti, ile inayouzwa mkononi sokoni bila maandishi ya kueleweka. Panya walikufa, ndiyo. Lakini akafa pia paka mzee wa kike aliyekuwa akilala pale mlangoni, ambaye hakuwa na mwenyewe ila alikuwa akifanya kazi bila mshahara. Wakafa watoto wawili wa mbuzi. Na mtoto mmoja wa mwanachama alikutwa ameshika donge la chambo mkononi, bado hajalitia mdomoni. Mama yake alipotusimulia, alituonyesha mkono wake mwenyewe jinsi mtoto alivyofumba, akanyamaza.

Basi walipokutana kupanga, wote walikubaliana kwamba sumu isirudi na kwamba paka anatakiwa. Ubishi ulikuwa ni paka gani. Mama mweka hazina ana kijana wake Eastleigh. Kijana aliona katika nyumba moja ya Nairobi paka mweupe wa manyoya marefu, wa yule anayeitwa Persian, akaambiwa kwamba paka huyo ana hati inayoonyesha baba, mama, babu na nyanya zake. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi. Mama mweka hazina akasema maneno ambayo hayawezi kudharauliwa: "Kwa ng'ombe tunaambiwa tutafute mbegu bora. Kwa mbuzi tunaambiwa tutafute beberu mzuri. Mbona kwa paka tuchukue wa jalalani?" Upande wa pili walisema yuko paka pale nyuma ya bucha, wa mistari, mama wa watoto, hana mtu, na kila mtu amemwona na panya mdomoni.

Tuanze na hoja ya mweka hazina, maana ina akili. Ukoo ni kitu cha kweli, na nani atamfundisha mfugaji wa Griftu jambo hilo? Hapo kuna wazee wanaoweza kukutajia mama wa ngamia, nyanya yake, na mama wa nyanya yake, bila kufungua karatasi yoyote, na wanaweza kukuambia ni yupi alitoa maziwa katika ukame na ni yupi alitupa mimba. Hiyo ndiyo hati bora kuliko zote. Lakini angalieni mzee anataja nini. Anataja kazi. Anataja maziwa, uvumilivu wa kiu, uzazi, tabia mbele ya mtu anayekamua.

Hati ya paka wa kuuzwa inataja nini? Mara nyingi inataja rangi, urefu wa manyoya, umbo la uso na la masikio. Desturi hiyo si ya zamani sana. Onyesho kubwa la kwanza la paka lilifanyika London mwaka 1871, katika jumba lililoitwa Crystal Palace, na tangu hapo watu wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakipanga paka katika aina na kuandika nasaba zao. Hakuna ubaya. Lakini hakimu wa onyesho haulizi paka amekamata panya wangapi. Yule Persian amechaguliwa kizazi baada ya kizazi awe na uso bapa, na kwa sababu hiyo wengi wao hupumua kwa shida, macho hutoa machozi kila siku, na manyoya yasipochanwa husokotana kama katani. Tena ukoo huo unajulikana kwa ugonjwa wa kurithi wa figo, ambapo vifuko vya maji huota ndani ya figo mpaka zinashindwa kazi. Sasa mchukue mnyama huyo, mtie kwenye katoni, msafirishe kilomita zaidi ya 600 kwa basi kupita Garissa, halafu mweke ndani ya ghala la mabati Griftu mwezi wa pili. Hata akifika mzima, sisi tunaona hiyo ni kumwonea mnyama.

Hata hivyo tusiseme kila paka mwenye hati ni wa bure. Kenya yetu inayo aina yake, na habari zake zitawafurahisha. Mwaka 1978 Bi. Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi huko pwani karibu na msitu wa Sokoke, aliona vitoto vya paka wenye madoa ya ajabu, akawachukua na kuwalea. Wagiriama walikuwa wakiwajua paka hao tangu zamani na kuwaita khadzonzo, kwa jinsi manyoya yao yanavyofanana na gome la mti. Miaka ya 1980 baadhi ya wazao wao walipelekwa Denmark, na miaka ya 1990 chama cha paka cha Ulaya kikakubali kuwa ni aina kamili. Leo paka wa Sokoke anauzwa ng'ambo kwa hati na pesa nyingi. Mwanzo wake ni nini? Ni vitoto vya kuokotwa shambani! Tulipolisimulia hili chini ya mti, mama mmoja akauliza kama yule wa bucha naye hawezi kupelekwa Denmark.

Na ukirudi nyuma zaidi, wote ni wamoja. Paka wote wa nyumbani, mwenye hati na asiye na hati, wametokana na paka-mwitu yule wa rangi ya mchanga anayeishi Afrika na Mashariki ya Kati. Walianza kukaa karibu na watu maelfu ya miaka iliyopita, watu walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakaja kwa wingi. Kwa hiyo kazi ya ghala ndiyo kazi yao ya kwanza duniani. Hapa tunawaonya vijana wachungaji: msituletee mtoto wa paka-mwitu kutoka porini. Hafugiki kwa urahisi, atawauma, na anaweza kuwa na kichaa.

Kuna neno lingine lililotoka kwa wazee wa msikiti, nasi tulikaa kimya tukasikiliza, maana hapo wao ndio walimu. Walieleza kwamba katika Uislamu paka si najisi, na kwamba Mtume alisimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka bila kumlisha na bila kumwacha ajitafutie. Lakini pia, walisema, iko hadithi aliyopokea Jabir kwamba Mtume hakupendezwa na bei ya paka. Wanazuoni wengi wameruhusu kumuuza, wengine wamekataza, na mzee mmoja akamaliza hivi: "Kama yuko wa bure na mnaweza kumtendea wema, kwa nini mtafute shaka kwa pesa nyingi?" Akina mama wengi walitikisa kichwa kukubali. Kwa kikundi cha watu wa Griftu, sisi tunaona hoja hiyo ina uzito kuliko zetu zote.

Sasa tuje kwa yule wa bucha, maana kuokota nako kuna hatari zake, na hatutaki kurudia kosa la kutoa shauri tukiwa mguu mmoja ndani ya gari.

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Jina linadanganya. Paka pia huugua na huambukiza kwa kuuma au kukwaruza. Paka wa sokoni hupigana na mbwa na mbweha wa usiku, na ugonjwa unaweza kujificha mwilini wiki nyingi kabla ya kuonekana. Kwa hiyo paka anayeyumba, anayetoka udenda, au aliyekuwa mwoga na ghafla anawarukia watu, msimguse, waiteni watu wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali akachanjwe. Asingoje aone kitatokea nini, kwani ugonjwa ukishaonyesha dalili mtu hufa. Paka mwenyewe, kama anaonekana mzima, achungwe kwa siku 10 mahali amefungiwa. Na huyu mtakayemfuga achanjwe akishatimiza miezi mitatu, na arudiwe kila mwaka.

Hatari ya pili hawaijui wengi, nayo inagusa mbuzi wenu. Paka anapoanza kuwinda, hupata vijidudu kutoka kwa panya na ndege, na kwa wiki mbili hivi hutoa mayai ya vijidudu hivyo katika mavi yake. Ugonjwa huu huitwa toksoplazima. Mbuzi au kondoo mwenye mimba akila majani au nafaka iliyochafuliwa, anaweza kutupa mimba. Mama mja mzito akiupata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, mtoto tumboni anaweza kudhurika. Paka mkubwa aliyekwisha kuwinda miaka miwili mitatu kwa kawaida amepita hatua hiyo, wakati paka mchanga ndiyo anaiingia. Hapa yule mama wa bucha anamshinda kitoto cha Nairobi tena. Pamoja na hayo, funikeni chakula cha mifugo, mwekeeni paka sanduku la mchanga mbali na magunia, mchanga huo uchotwe kila siku na mtu ambaye si mja mzito, na mikono ioshwe.

Mtamchaguaje? Kama mnavyochagua mbuzi. Macho maangavu, pua isiyotoka makamasi, fizi za rangi ya waridi, masikio yasiyo na uchafu mweusi. Meno meupe na makali ni ya kijana, yaliyokwisha na ya manjano ni ya mzee. Ulizeni watu wa bucha, wa hoteli ya chai, wa kituo cha magari: huyu anakamata? Mama yake alikuwa akikamata? Watoto wa paka hujifunza kuwinda kwa mama yao. Yeye huwaletea panya aliyekufa, halafu nusu mzima, halafu mzima kabisa, nao hujaribu. Kwa hiyo mkichukua mtoto, asitoke kwa mama kabla ya wiki 8, na akikaa mpaka wiki 12 ni bora zaidi. Mtoto aliyelelewa ndani ya nyumba ya ghorofa, mama yake hajawahi kuona panya, atamfundisha nani?

Mkimpata mkubwa, msimkamate kwa nguvu. Mwekeeni nyama katika sanduku kwa siku kadhaa mpaka azoee kuingia. Akishaingia, mfungieni ndani ya ghala kwa wiki mbili au tatu pamoja na maji, chakula na mahali pa kulala. Mkimwachia siku ya kwanza, kesho yuko bucha. Na mlisheni. Kuna imani kwamba paka mwenye njaa ndiye anayewinda. Si kweli, mwenye njaa huhama. Lakini msimpe ugali mtupu, maana mwili wa paka hauwezi kuishi bila nyama, na asipoipata macho na moyo wake huharibika. Mabaki ya bucha, vichwa, mapafu, hayo yanamtosha. Maziwa mnayampenda kumpa, nasi tunajua hamtaacha, lakini paka mkubwa wengi huharisha kwa maziwa. Maji ndiyo ya lazima.

Akiugua msimpe Panadol. Kidonge kimoja kinaweza kumwua. Wala msimwoshe kwa dawa ya kupe ya mbuzi au ngamia, kwani paka hujilamba mwili mzima na nyingi za dawa hizo ni sumu kali kwake.

Sumu ya panya je? Nyingi ya sumu za dukani huzuia damu isigande. Panya hafi siku ile. Huzunguka siku kadhaa amelegea, na nani atamkamata? Paka wako. Ndivyo alivyokufa yule mzee wa mlangoni, tunavyodhani. Mkiwa na paka, sumu itoke kabisa. Na kama mtoto amekula sumu yoyote, mkimbizeni hospitali pamoja na kile kipakiti, ili daktari ajue anatibu nini.

Tuseme pia ukweli mwingine, ili msije mkatulaumu. Paka peke yake hatamaliza panya. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za kiwanda kimoja cha taka huko Brooklyn, New York, ambako waliweka kamera kutazama paka na panya wakubwa. Katika siku 79 waliona paka wakiua panya wawili tu. Panya mkubwa ana meno, paka humwogopa. Kitu walichokiona ni kwamba paka wakiwepo panya hujificha. Kwa panya wadogo na watoto wa panya paka ni hodari, na hapo ndipo faida yake ilipo, kwani panya mmoja huzaa baada ya wiki tatu za mimba, na watoto wake nao huzaa wakiwa na miezi miwili au mitatu. Waswahili husema paka akiondoka panya hutawala. Ila hata akiwepo, magunia yakilala sakafuni panya watakula.

Kwa hiyo tuliwaambia akina mama: kabla ya paka yeyote, inueni magunia juu ya mbao, kiasi cha futi moja kutoka chini, yaache nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta. Zibeni matundu. Kitundu cha upana wa kalamu kinatosha panya mdogo kupita, cha kidole gumba kinatosha mkubwa. Fagieni nafaka iliyomwagika kila jioni. Kata mabati mfungie miguu ya meza ya mbao, panya atateleza.

Mama mweka hazina alipiga hesabu pale pale. Pesa za paka mmoja wa Persian zilitosha mbao, mabati, saruji ya kuziba matundu, chanjo ya paka wawili, na zikabaki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kijana wake atavunjika moyo. Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Wawili hawakuinua, na yeye ni mmoja wao, lakini ni yeye aliyekwenda bucha siku iliyofuata na kipande cha mapafu ya mbuzi kwenye karatasi.

Kama kikundi chenu kina mwanachama anayeishi Nairobi na anataka paka wa nyumbani tu, si wa ghala, aende KSPCA, chama cha kulinda wanyama. Pale hupatikana paka waliookolewa. Wa kwenu huku, tafuteni wa kike mwenye sifa na mzungumze na daktari wa mifugo juu ya kumfunga kizazi, kwa sababu paka hubeba mimba miezi miwili tu na huzaa watatu, wanne, hata watano kwa mara moja. Msipofanya hivyo, baada ya mwaka mtakuwa na jalala lingine la paka wasio na mtu, wenye njaa, na kichaa kikiingia kitawapitia wote.

Juu ya chanjo kuna jambo moja la kupanga mapema. Chupa ya chanjo ya kichaa mara nyingi ni ya dozi 10, na ikishafunguliwa haikai. Mtu wa mifugo hawezi kuifungua kwa paka mmoja. Vikundi vya Griftu na vya jirani vikubaliane siku moja, siku ya soko ingefaa, kila mtu alete paka wake ndani ya gunia la kitani au kikapu chenye kifuniko, na mbwa wa kuchunga walio na kamba waletwe siku hiyo hiyo. Mwenye kiti wa kila kikundi apeleke hesabu ya wanyama katika ofisi ya mifugo wiki moja kabla.